Leseni Ikitangulia Watu: Mazingira, Haki na Haraka ya Maendeleo katika Pwani ya Afrika Mashariki

Phyllis Omido alipoajiriwa mwaka 2009 na kiwanda cha Metal Refinery EPZ mjini Mombasa, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kwa mtu anayepita tu ofisini, hiyo ni kazi ya kawaida ya makaratasi. Tatizo ni kwamba tanuri lilikuwa limekwisha kuwashwa. Betri kuukuu za magari zilikuwa zinapasuliwa na kuyeyushwa, moshi unapaa, maji machafu yanajitafutia njia, na ng'ambo ya ukuta palikuwa na Owino Uhuru, kijiji cha nyumba za udongo na mabati chenye wakazi wapatao 3,000 katika eneo la Mikindani. Tathmini ambayo kisheria hutangulia mradi ilikuwa inatafutwa ili faili likamilike.

Tathmini yenyewe ilionyesha kwamba mahali pale hapafai kiwanda cha namna hiyo. Omido akashauri kifungwe au kihamishwe. Aliyehamishwa ni yeye, akapewa majukumu mengine. Haukupita muda mrefu mwanawe mdogo akaugua maradhi ambayo madaktari hawakuyatambua upesi, hadi damu yake ilipopimwa na kukutwa na madini ya risasi. Mama alikuwa bado ananyonyesha.

Makala hii inahusu mazingira na haki za binadamu katika nchi zinazokua kwa kasi, na imechagua kuzitazama zaidi kupitia pwani ya Kenya. Sababu ni kwamba huko, katika muda wa miaka kumi na kitu tu, yamesikilizwa mashauri matatu makubwa ambayo yakiwekwa pamoja yanaonyesha jambo moja. Sheria nzuri zipo. Katiba ipo. Mahakama zinafanya kazi, na mara nyingine zinaifanya kwa ushujaa. Kilichopinduka ni mpangilio: leseni inatangulia, watu wanafuata nyuma. Madhara mengi yanayofika mbele ya hakimu yalikwisha kuamuliwa mezani, siku ile karatasi ilipogongwa muhuri kabla wanaoishi jirani hawajaulizwa lolote, au baada ya kuulizwa juujuu tu.

Risasi haina haraka

Betri ya gari ni bidhaa ya ajabu. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na karibu yote inaweza kuyeyushwa na kutumika upya. Kwa karatasi za mhasibu, hakuna biashara safi kuliko hiyo: taka zinaondoka barabarani, fedha za kigeni zinaingia, vijana wanapata kazi. Zaidi ya robo tatu ya risasi inayotumika duniani huishia ndani ya betri, na kila pikipiki mpya ya bodaboda, kila mnara wa simu na kila paneli ya sola ya kijijini huongeza hitaji hilo. Nchi ikikua, betri zinakua nayo.

Ubaya uko katika namna ya kuitoa. Betri hupasuliwa, tindikali ikamwagwa, sahani za risasi zikatupwa tanurini. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, joto ambalo hata jiko la mkaa lenye kipulizo linaweza kulifikia, ndiyo maana kazi hii hufanywa hata uani kwa mtu. Joto likizidi, risasi hutoka kama mvuke na vumbi laini mno. Vumbi hilo hutua juu ya mabati, mvua ikanyesha na kulishusha mitungini, upepo ukalitandaza kwenye udongo ambao watoto wanauchezea. Mfanyakazi naye hulibeba nyumbani kwenye nguo zake, mkewe akazifua katika beseni lilelile linalooshea vyombo.

Mwilini, risasi hujifanya kalisi. Mifupa huipokea kama ndugu na kuihifadhi kwa miongo, huku iliyo katika damu ikipungua ndani ya wiki chache na kumfanya mtu aamini amepona. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma na kalisi hufyonza zaidi. Kwa hiyo moshi uleule, juu ya mitaa miwili, moja wanakokula maziwa na samaki na nyingine wanakokula sima kavu, hautendi sawa. Ni nadra kemia na haki za binadamu kukutana kwa uwazi namna hii.

Wala Mombasa haikuwa ya kwanza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer nje ya Dakar, watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi kutokana na kazi ya kuchekecha udongo na mabaki ya betri ili kuokota madini yaliyobaki. Agosti 2009, huko Fengxiang katika jimbo la Shaanxi, China, zaidi ya watoto 600 waliokuwa wakiishi karibu na kiwanda cha kuyeyushia walikutwa na risasi nyingi katika damu. Wazazi wakavamia kiwanda na kubomoa uzio. Serikali ya China, ambayo haina sifa ya kusikiliza sana makelele ya vijijini, ililazimika mwaka 2011 kufunga mamia ya viwanda vya betri, vingine kwa muda na vingine moja kwa moja. Katika Jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, walikufa watoto wasiopungua 400, hapo ni kwa sababu ya dhahabu iliyochanganyika na risasi na kusagwa nyumbani.

Habari za Thiaroye zilikuwa zimekwisha kuchapishwa wakati Owino Uhuru bado inavuta moshi. Nairobi, makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ndipo zilipoendeshwa kampeni za kuondoa risasi katika petroli, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuitumia kufikia mwanzo wa 2006. Yaani ujuzi haukuwa mbali. Ulikuwa mwendo wa usiku mmoja kwa basi.

Asilimia 40

Omido aliacha kazi, akaanzisha shirika la Center for Justice, Governance and Environmental Action, na wanakijiji wakaanza kile ambacho watu wasio na wakili huanza nacho: barua, maandamano, vikao vya baraza, barua tena. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wenzake baada ya maandamano, akashtakiwa, kisha mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwanzoni mwa 2014. Mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Tuzo hiyo ilifanya jina la kijiji lijulikane San Francisco kabla halijazoeleka vizuri katika ofisi za serikali zilizo karibu nalo.

Shauri lilifunguliwa mwaka 2016 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa. Tarehe 16 Julai 2020, Jaji Anne Omollo aliamua kwamba haki za wakazi zimevunjwa na akawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, pamoja na amri ya kusafisha udongo. Baadhi ya walioshtakiwa wakakata rufaa. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo na kurudisha suala la kiasi chini likapimwe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kinachostahili kuangaliwa kwa makini katika hukumu hiyo si bilioni 1.3, ingawa ndizo zilizobeba vichwa vya habari. Ni mgawanyo wake. Mahakama haikumtwisha mwenye tanuri mzigo wote. Kampuni ilibebeshwa asilimia 25. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ikabebeshwa asilimia 40, na sehemu nyingine zikagawiwa wizara za Mazingira na Afya, Mamlaka ya EPZ, na mwenye ardhi aliyekikodishia kiwanda. Mlinzi wa lango alihesabiwa mkosaji mkubwa kuliko mwizi aliyepita langoni.

Kuna wanaoona mgawanyo huo ni wa kionevu: iweje taasisi isiyoyeyusha hata gramu moja ilipe zaidi ya aliyeyeyusha? Hoja ya mahakama, hata hivyo, inashika. Mwekezaji anafuata faida, na hilo halikufichwa. NEMA iliundwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kwa kazi moja ambayo hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kuifanya, yaani kusema hapana kwa wakati. Ikikaa kimya, hakuna raia anayeweza kuijaza nafasi yake. Maeneo ya EPZ nayo, yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1990 ili kuvutia viwanda vya kuuza bidhaa nje, yalipewa misamaha ya kodi. Msamaha wa kuchafua haukuwamo, lakini mara nyingi maofisa wadogo hutenda kana kwamba umo.

Lakini mgawanyo huo una uchungu wake. Fedha za NEMA na za wizara ni fedha za walipa kodi, na mama wa Mikindani anayenunua unga na mafuta ya taa ni mlipa kodi. Kwa hesabu ya ukali kidogo, waliotiwa sumu wanajichangia fidia. Hapo ndipo inapoonekana thamani ya chombo ambacho sheria ya 1999 yenyewe inakitaja lakini hakisikiki sana: dhamana. Mwenye kiwanda cha hatari aweke fedha kabla ya kuwasha moto, zishikwe, na akiondoka ameacha uchafu zitumike kuusafisha. Kampuni ya kuyeyushia betri inaweza kufunga milango na kuyeyuka upesi kuliko risasi yenyewe, dhamana haiyeyuki.

Makaa ya mawe na mji wa mawe

Lamu ni kisa tofauti, na utofauti wake ndio somo. Mwaka 2016 kampuni ya Amu Power, iliyokuwa na wabia Centum na Gulf Energy, ilipewa leseni na NEMA kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wenye uwezo wa megawati 1,050 huko Kwasasi, bara kidogo kutoka Mji wa Kale wa Lamu, mji ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Makaa yangeagizwa kutoka ng'ambo. Gharama ilitajwa kuwa kama dola bilioni 2.

Mtu angeweza kuuliza swali la kwanza hata bila kujali mazingira: umeme huo wa nani? Mahitaji ya juu kabisa ya Kenya nzima wakati huo hayakufika megawati 2,000, na sehemu kubwa ilikuwa ikipatikana kutoka mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na, baadaye kidogo, upepo wa Turkana. Mkataba ulikuwa wa kununua umeme kwa miaka 25. Anayesaini mkataba wa aina hiyo anaifunga nchi kulipia uwezo wa mtambo, watu wakiutumia au wasiutumie.

Jumuiya ya Save Lamu na wakazi wengine walikwenda katika Baraza la Kitaifa la Rufani za Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta leseni. Sababu moja ilikuwa kwamba tathmini haikuizingatia ipasavyo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Sababu nzito zaidi ilikuwa ushirikishaji wa umma. Mikutano ilifanyika, hilo halikubishaniwa. Lakini ilifanyika mapema, wakati wa kuutambulisha mradi, kabla utafiti wenyewe haujakamilika. Watu waliambiwa kuna kitu kinakuja. Utafiti ulipokwisha na majibu kupatikana kuhusu majivu, joto la maji yatakayorudishwa baharini na moshi, hawakurudiwa kwa namna inayotakiwa na sheria ili waseme wanaonaje.

Kwa anayeijua mikutano ya baraza ya pwani, hilo halishangazi. Mkutano hutangazwa, viti vya plastiki hupangwa, soda hugawiwa, mgeni kutoka Nairobi huzungumza kwa nusu saa, wazee wawili husimama kushukuru, na orodha ya mahudhurio hutiwa saini. Orodha hiyo, yenye saini za watu waliokuja kusikiliza, huambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba watu wameridhia. Kanuni za Kenya za 2003 zinataka mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu pamoja na matangazo ya redio, tena kwa lugha ambazo wenyeji wanazielewa. Ripoti yenyewe huwa kurasa mamia za Kiingereza cha kihandisi. Mvuvi wa Shela anayeijua bahari kwa majina ya kila mwamba anatakiwa kutoa maoni kuhusu kurasa hizo ndani ya siku chache, na ofisi ya kuzisomea iko mbali na gati anakotia nanga.

Baada ya uamuzi ule, wenye fedha wakaanza kujiondoa. Benki ya ICBC ya China ilijitoa mwaka 2020. Hakuna mtoto wa Lamu aliyepimwa damu kwa sababu ya mtambo huo, hakuna udongo wa kusafisha, hakuna bilioni za kugombania. Gharama ya kushinda mapema ilikuwa miaka ya kazi ya kujitolea, vitisho kwa baadhi ya wanaharakati, na nauli za kwenda na kurudi Mombasa na Nairobi. Ikilinganishwa na Owino Uhuru, ni bei ya chini mno.

Bahari ya nani

Kisa cha tatu kiko Lamu hiyohiyo, ila hapa mradi ulitangulia. Machi 2012 marais Mwai Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi walizindua ujenzi wa bandari ya Lamu, sehemu ya ukanda wa LAPSSET unaokusudiwa kuziunganisha Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia. Mpango kamili ni wa gati 32. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021.

Kuchimba mkondo wa meli kubwa ni kuvuruga chini ya bahari. Mchanga hupanda, maji hugeuka uji, matumbawe na nyasi za baharini hukosa mwanga, na samaki waliokuwa wakizalia humo huhama. Wavuvi wengi wa Lamu hutumia mashua za tanga, madau na madema. Chombo kama hicho hakiwezi kuambiwa kiende kuvua nje ya miamba, hasa wakati wa kusi, bahari inapochafuka. Bahari ya ndani, penye mikoko na maji tulivu, ndiyo shamba lao. Na shamba hilo halina hatimiliki. Mwenye mnazi hulipwa mnazi wake. Mwenye kujua mahali samaki aina ya changu wanapolala usiku hana karatasi ya kuonyesha.

Shauri la Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya serikali lilitolewa hukumu Aprili 2018. Mahakama Kuu ilikuta kwamba haki ya mazingira safi, haki ya kupata habari na haki za kitamaduni za watu wa Lamu zimekiukwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kutambua kwamba njia ya kuvua ni sehemu ya utamaduni wenye kulindwa na katiba lilikuwa jambo kubwa. Kisha yakafuata miaka ya mabishano: nani ni mvuvi wa kweli, orodha iandikwe na nani, kiasi gani kilipwe taslimu na kiasi gani kwa boti, injini na nyavu. Wazee waliosaini hati za mwanzo walizeeka zaidi. Bandari iliendelea kujengwa kwa ratiba yake.

Sheria haikuja kwa meli

Husemwa mara kwa mara, hasa na wanasiasa wanaopenda kukata utepe, kwamba haki ya mazingira ni anasa ya Ulaya iliyoletwa na wafadhili. Historia ya mahakama za eneo hili haikubaliani nao. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, kupitia kesi inayojulikana kwa jina la Joseph Kessy, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa la taka lililokuwa likiwaka moto na kuwafukiza usiku na mchana. Jiji likazuiwa kutupa taka pale. Lilipoendelea kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira alikataa, akisimama juu ya ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania, inayolinda haki ya kuishi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kumfukiza mtu moshi wa sumu nyumbani kwake ni kuuhatarisha uhai wake. Kesi hiyo ilifunguliwa miaka 22 kabla ya Katiba ya Kenya ya 2010 kuiandika haki ya mazingira safi katika ibara ya 42, na miaka 34 kabla ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuipitisha kwa kura 161, Julai 2022.

(Taka za Dar es Salaam, ni kweli, hazikutoweka kwa hukumu; zilihamia Vingunguti, Mtoni, kisha Pugu. Jaa huwa na tabia ya kuhama kuelekea kwa wasio na wakili.)

Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya imekwenda mbali zaidi. Anayelalamika kwamba haki ya mazingira inatishiwa halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika. Kwa maneno mengine, katiba iliandikwa na watu waliojua kwamba kusubiri mgonjwa ndipo uende mahakamani ni kuchelewa. Save Lamu walikwenda kabla. Owino Uhuru hawakupewa nafasi hiyo, maana hakuna aliyewaambia kilichokuwa kinajengwa.

Ucheleweshaji nao ni dhuluma yenye sura nyingine. Bomba la mafuta ghafi la EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, litapitisha mafuta mazito ambayo lazima yapashwe moto njia nzima ili yasigande. Hoja za tabianchi na za hifadhi ya Murchison Falls zimezungumzwa sana duniani, na vijana walioandamana Kampala kulipinga wamekamatwa mara nyingi. Kilichowaumiza wakulima wengi njiani ni kidogo zaidi kwa macho ya ulimwengu. Ardhi ilithaminiwa, ikawekwa tarehe ya mwisho ya uthamini, na mwenye shamba akaambiwa asipande tena mazao ya kudumu. Malipo yalichelewa kwa miaka. Katika miaka hiyo migomba haikupandwa, nyumba haikuongezwa chumba, na bei ya ardhi jirani ilipanda, kiasi kwamba fedha iliyotosha kununua ekari siku ya uthamini haikutosha tena siku ya kulipwa. Hakuna bomba lililopasuka hapo, wala tone la mafuta lililomwagika.

Betri mpya, maswali ya zamani

Inawezekana kudhani kwamba magari ya umeme yataondoa haya yote. Kolwezi, katika Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ndicho cha sokoni na mgodini, inatoa jibu. Kongo huchimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia katika betri za simu na magari. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakaanza kuchimba sebuleni kwao. Watafiti wa Amnesty International na shirika la Kongo la Afrewatch waliandika mwaka 2016 juu ya watoto wanaookota na kuosha mawe hayo bila kinga. Betri ya risasi iliitesa Owino Uhuru mwisho wa maisha yake. Betri ya kobalti inaitesa Kolwezi kabla haijazaliwa.

Upande wa pili lazima usikilizwe, na usikilizwe kwa haki. Kenya, Tanzania na Uganda zina vijana wengi wasio na kazi, na ni nchi chache sana zilizotoka katika umaskini bila viwanda. Kufunga kiwanda cha Mombasa hakukufuta betri hata moja. Zinaendelea kuchakaa, na zisipokwenda kwenye kiwanda kinachosimamiwa zitakwenda kwa fundi wa jua kali mwenye sufuria na mkaa, jirani na watoto wake mwenyewe. Ujerumani na Marekani huyeyusha risasi nyingi kuliko Afrika Mashariki yote. Wanachofanya kinajulikana: tanuri lililofunikwa, vichujio vya moshi, nguo za kazi zinazobaki na kufuliwa kiwandani, damu za wafanyakazi zinazopimwa kwa ratiba, umbali kati ya kiwanda na makazi, na utaratibu wa kumrudishia mteja fedha akirudisha betri kuukuu. Hata huko mengi ya hayo hayakupatikana kwa hisani ya wenye viwanda.

Kwa hiyo ubishi wa kweli hauko kati ya maendeleo na mazingira. Uko juu ya nani anabeba hatari na aliambiwa lini. Kiwanda cha risasi hakikujengwa Nyali, mtaa wa wenye nacho Mombasa. Mtambo wa makaa haukupendekezwa Karen, mtaa wa wenzao Nairobi. Wanaochagua mahali huchagua penye ardhi rahisi na sauti ndogo, na uchaguzi huo hufanywa kabla mtaalamu wa mazingira hajapigiwa simu. Ndiyo maana kupitia upya sheria za tathmini peke yake hakutoshi, ikiwa tathmini itaendelea kuitwa baada ya ramani kuchorwa, na ikiwa mtaalamu anayeiandika ataendelea kulipwa moja kwa moja na mwenye mradi. Mfuko wa pamoja, ambamo mwekezaji analipa na mamlaka ndiyo inayoteua mtaalamu, ungekata kamba hiyo. Muhtasari wa Kiswahili, mfupi na wa kweli, uliosomwa redioni mara kadhaa kabla ya mkutano na si baada yake, ungegharimu kidogo kuliko soda za baraza.

Somo la mpangilio limeanza kuingia, angalau kwa wananchi. Serikali ya Kenya ilipotaja Uyombo, Kaunti ya Kilifi, kuwa mahali pa kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, jirani na mkondo wa Mida, hifadhi ya bahari ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke, wakazi hawakungoja leseni. Walianza kuuliza maswali mapema, wakapeleka malalamiko, wakaandamana, na Mei 2024 baadhi yao walikabiliwa na polisi. Miongoni mwa waliosimama nao ni shirika lililozaliwa Owino Uhuru. Baadaye maofisa wa nishati wakaanza kulitaja eneo la Siaya, kando ya Ziwa Viktoria, kuwa mahali mbadala, na maswali ya Uyombo yakahamia huko: maji ya kupoozea yatarudi ziwani yakiwa na joto kiasi gani, taka zitahifadhiwa wapi, na mvuvi wa omena ataandikwa kwenye orodha gani.